Mwenye Alama Haba na Mlango wa Uzamivu

Weka transkripti mbili mezani. Zote ni za shahada ya kwanza ya miaka mitatu, na zote zimeishia kwenye GPA ya 3.2 kati ya 5. Moja ni ya binti aliyepata 2.4 mwaka wa kwanza, 3.2 mwaka wa pili na 4.0 mwaka wa tatu. Nyingine ni ya kijana aliyeanza na 3.4, akateremka hadi 3.2, akamaliza na 3.0. Mfano ni wa kubuni lakini hesabu ni ya kweli: uzito wa kozi ukilingana, wote wawili wanatoka na namba ile ile, na vyeti vyao vinasema neno lile lile, daraja la pili la chini. Aliyewahi kuishi bweni la chuo anawajua. Binti mwaka wa kwanza alikosa mkopo, akasoma kwa madesa ya kuazima, akasapu masomo mawili na kuponea chupuchupu kudisko. Kijana alikuja na moto, moto ukapoa.

Sasa wote wawili wanataka kusoma uzamivu.

Swali lao huulizwa kwa kunong'ona, kama jambo la aibu, na hujibiwa kwa namna mbili zisizomsaidia mtu. Wapo wanaosema penye nia pana njia, wakamwacha mwenzao atume maombi thelathini yasiyojibiwa. Wapo wanaosema uzamivu ni wa vipanga, mwingine atafute shughuli nyingine. Naona pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja: zinadhani uzamivu una mlango mmoja. Milango ni minne, kila mmoja una bawabu wake, na ile 3.2 hupimwa kwa mizani tofauti kila inapofika. Bawabu wa kwanza ni kanuni, wa pili ni msimamizi, wa tatu ni mfadhili. Wa nne, ambaye waombaji wengi humsahau mpaka wamekwisha kumaliza, ni mwajiri.

Kanuni ndiyo inayoogopwa zaidi, na ndiyo yenye nafasi pana kuliko watu wanavyodhani. Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki njia ya kawaida ya kuingia uzamivu ni kupitia shahada ya umahiri. Maana yake ni kwamba shahada ya kwanza haiamui moja kwa moja nani atakuwa daktari. Inaamua nani ataruhusiwa kusoma umahiri, kisha umahiri ndio unaosimama mbele ya uzamivu. Tanzania daraja la pili la chini ni GPA ya 2.7 hadi 3.4, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimezoea kuifanya 2.7 kuwa kizingiti cha umahiri. Aliye chini ya hapo, mwenye ufaulu wa kawaida wa 2.0 hadi 2.6, hupewa njia ya mzunguko: stashahada ya uzamili, au uzoefu wa kazi unaoonekana. Kenya, ambako madaraja huhesabiwa kwa asilimia na daraja la pili la chini ni 50 hadi 59, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inamtaka mwenye daraja hilo awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili kabla ya kusoma umahiri. Makerere mipaka imesogea kidogo: daraja la pili la juu linaanzia 3.6 badala ya 3.5 ya Tanzania.

Ng'ambo ya bahari utaratibu hubadilika. Uingereza mtu anaweza kuingia uzamivu bila umahiri ikiwa ana daraja la pili la juu. Aliye na la chini hutakiwa kwanza aonyeshe umahiri mzuri. Marekani wengi huingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na shule nyingi za uzamili huweka kizingiti cha 3.0 kati ya 4. Afrika Kusini kuna mwaka wa honazi kati ya shahada ya kwanza na umahiri, na Mtanzania mwenye shahada ya miaka mitatu anaweza kuambiwa aanzie hapo. Ujerumani kitivo chenyewe ndicho kinachopokea, kwa kanuni zake, baada ya profesa kukubali kusimamia.

Hapa nitue kidogo kwenye jambo dogo linalowaumiza watu wengi bure. Katika mfumo wa Dar es Salaam A huanzia alama 70 na B+ ni 60 hadi 69. Msomaji wa Marekani aliyezoea kwamba 65 ni karibu na kufeli akiiona 65 ya mwanafunzi wetu bila maelezo, atadhani ameona uzembe, kumbe ni B+. Vivyo hivyo GPA. Mwombaji akichukua 3.2 yake, akaigawa kwa 5 na kuizidisha kwa 4, atapata 2.56 na kujitangaza kuwa chini ya kizingiti kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu ngazi ya 5 ya kwetu na ngazi ya 4 ya kwao hazikujengwa kwa vipimo vinavyolingana. Usijigeuzie alama. Andika namba kama ilivyo, taja ngazi yake, na ambatisha ukurasa wa nyuma wa transkripti unaoeleza madaraja. Chuo kinachotaka tathmini ya wakala kitasema chenyewe.

Kwa hiyo kanuni, mara nyingi, hupitika. Inachukua muda na fedha, lakini inapitika. Kazi yenyewe iko kwa bawabu wa pili.

Msimamizi hasomi transkripti kama karani. Anajiuliza swali moja la ubinafsi, na ana haki nalo: je, nikimchukua mtu huyu, miaka minne ijayo nitakuwa na tasnifu iliyokamilika, au nitakuwa na barua pepe za kuomba kuongezewa muda? Alama za shahada ya kwanza ni jibu hafifu la swali hilo. Mtihani wa chuo hupima kama mtu anaweza kujibu, kwa saa tatu, swali ambalo jibu lake lipo. Uzamivu humtaka mtu akae miaka na swali ambalo jibu lake halipo. Vipaji hivyo viwili ni ndugu, lakini si mapacha.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walichapisha katika jarida la PLOS ONE uchunguzi wa wanafunzi 280 wa uzamivu katika sayansi za tiba. Walichukua mafaili ya maombi yao na kuyalinganisha na makala ambazo kila mmoja alikuja kuchapisha. Wastani wa shahada ya kwanza haukuwatenganisha waliochapisha sana na waliochapisha kidogo. Mtihani wa GRE, unaotumika kuombea masomo ya uzamili Marekani, nao haukuwatenganisha. Kilichotoa dalili nzuri zaidi ni barua za walimu waliowahi kufanya nao kazi. Matokeo hayo yasomwe kwa tahadhari, maana wote 280 walikuwa tayari wamechujwa na kupokelewa. Hatujui wale waliokataliwa wangefanyaje. Hata hivyo yanasema jambo ambalo walimu wazoefu hulijua: aliyemwona mtu akifanya utafiti anaweza kumsemea kuliko karatasi ya alama.

Carol Greider, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009, ana disleksia, na alama zake za GRE zilikuwa mbaya. Vyuo vingi vilimkataa; viwili tu ndivyo vilivyomwita kwenye usaili. Kimoja kilikuwa Berkeley, na huko mwaka 1984, akiwa bado mwanafunzi, alikigundua kimeng'enya cha telomerasi akiwa na msimamizi wake Elizabeth Blackburn. Watu hupenda kukitumia kisa hiki kama dawa ya kila kidonda, na hapo hukipotosha. Alama za Greider za darasani zilikuwa nzuri, na alikuwa amekaa maabara tangu shahada ya kwanza. Kilichokuwa kibovu ni kipande kimoja cha faili, na vipande vingine vilikuwa imara kiasi cha kukibeba. Fundisho liko hapo: udhaifu hausamehewi kwa kuhurumiwa. Unazidiwa uzito.

Uzito huo hupatikana wapi kwa mtu wa kwetu? Kwanza kwenye umahiri wenyewe, na hapa nina msimamo mkali. Mwenye shahada ya kwanza dhaifu asichague umahiri kwa sababu ni mwepesi, ni wa jioni, au unamalizika haraka kwa kozi tupu. Achague ule wenye tasnifu, hata kama utamchukua mwaka zaidi, kwa sababu tasnifu ndiyo kitu pekee atakachoweza kumkabidhi msimamizi wa kesho na kusema: soma, uamue mwenyewe. Umahiri wa kozi tupu humwachia karatasi nyingine ya alama, na karatasi za alama ndizo zilizokuwa tatizo lake. Wala asirudie shahada ya kwanza. Nimesikia watu wakishauriwa hivyo, na ni miaka mitatu ya maisha inayotupwa ili kufuta namba ambayo haifutiki.

Pili ni kwenye benchi la utafiti. Kanda yetu ina vituo vinavyoajiri vijana kukusanya takwimu, kuhoji kaya, kuhesabu mbu, kusafisha data: Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi, kituo cha KEMRI na Wellcome kule Kilifi, kilichoanza 1989, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, vituo vya utafiti wa kilimo kuanzia Naliendele hadi Ukiriguru. Kazi ya msaidizi wa utafiti hulipa kidogo na huchosha, lakini humpa mtu vitu vitatu ambavyo chuo hakikumpa: jina lake kwenye orodha ya waandishi wa makala, ujuzi wa zana halisi, na mtafiti mkubwa anayeweza kuandika barua akisema huyu nimemwona kwa macho yangu.

Njia hiyo ya benchi aliipita Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, ingawa yeye hakuwa na alama haba hata kidogo. Alirudi Nairobi mwaka 1966 na shahada mbili za Marekani. Lakini kazi aliyoahidiwa aliikuta imepewa mtu mwingine. Akapata nafasi ya msaidizi wa utafiti kwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Giessen aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo, na ni kutoka kwenye benchi hilo, baada ya muda huko Ujerumani, alipofika kwenye uzamivu wa mwaka 1971, wa kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati. Mlango wa mbele ulipofungwa, njia ilipita maabara.

Walio kwenye fani za lugha, historia na fasihi hawana maabara, lakini wana majarida na makongamano. Mtu wa Kiswahili anaweza kuanza na mapitio ya kitabu katika jarida la Mulika, akaenda na wasilisho la dakika kumi na tano kwenye kongamano la vyama vya Kiswahili kama CHAUKIDU au CHAKITA, akalikuza likawa makala katika Kiswahili, jarida la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Makala moja iliyopita kwa wahakiki wakali ina thamani kuliko tano zilizochapishwa kwa wiki moja katika majarida yanayopokea kila kitu mradi ada imelipwa. Msimamizi makini anayajua majarida hayo kwa majina, na akiyaona kwenye faili lako atakudhania mabaya zaidi kuliko kama asingeona kitu.

Barua ya kwanza kwa msimamizi nayo huamua mengi. Barua ya aya kumi inayoanza na sifa za profesa na kuishia na ombi la ufadhili hutupwa. Inayosomwa ni fupi: nimesoma makala yako kuhusu jambo fulani, umesema hivi, takwimu zangu kutoka wilaya fulani zinaonyesha tofauti, nadhani sababu ni hii, naomba kujua kama unapokea wanafunzi. Anayeandika hivyo amekwisha kuonyesha, kabla GPA haijatajwa, kwamba anaweza kukaa na swali.

Na GPA itajwe. Kuificha ni kosa, kwa sababu transkripti itafika tu. Kuililia nako ni kosa. Inatosha aya moja kavu, yenye ukweli unaoweza kuthibitishwa: mwaka wa kwanza nilisoma bila mkopo huku nikifanya kazi usiku, hali ilipotengemaa mwaka wa tatu nilipata 4.0, na tasnifu yangu ya umahiri ilipata A. Halafu ugeukie utafiti. Binti wa transkripti ya kwanza anaweza kuiandika aya hiyo bila kuongeza chumvi, kwa sababu mwelekeo wa alama zake unamshuhudia. Mwalimu anayemwandikia barua naye aombwe aligusie jambo hilo, maana neno la mwingine juu ya shida yako huaminika kuliko lako.

Kwa mfadhili mambo ni magumu zaidi, na sababu yake si roho mbaya. Ofisi inayopokea maelfu ya maombi kwa nafasi chache haiwezi kuzisoma tasnifu zote. Inahitaji ungo, na namba ni ungo wa bei rahisi. Ufadhili wa serikali ya Uturuki unataka asilimia 75 kwa umahiri na uzamivu, na umri chini ya miaka 35 kwa uzamivu. Wa serikali ya China unataka mwombaji wa uzamivu awe chini ya miaka 40. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kule Uingereza umeandika wazi jambo lenye faraja kwa wasomaji wa makala hii: daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini pamoja na shahada inayofaa ya uzamili.

Ukizitazama kanuni hizo kwa pamoja utaona mtego. Mwenye alama haba anahitaji muda wa kujenga ushahidi mwingine, umahiri, kazi, makala, na huo muda ndio unaohesabiwa dhidi yake. Aliyehitimu akiwa na miaka 25, akafanya kazi miaka minne, akasoma umahiri hadi 32, hana muda wa kupoteza. Ndiyo maana namshauri asiutegemee sana ufadhili wa mashindano ya wazi. Autafute ule ulioko mikononi mwa mtafiti: nafasi za uzamivu ndani ya mradi wenye fedha zake, ambapo anayechagua ni yule yule atakayesimamia, na anaweza kuamua kwamba mtu aliyehesabu mbu Kilombero miaka mitatu ni bora kuliko mwenye daraja la kwanza asiyewahi kuingia kijijini. Ujerumani, ambako vyuo vya umma kwa kawaida havitozi ada ya masomo kwa wanaofanya uzamivu, njia hii hupunguza gharama zaidi. Nyumbani kuna vituo vya ubora wa kitaaluma vilivyoanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2016, viwili Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na viwili Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, ambavyo vililea wanafunzi wengi wa uzamivu kwa mtindo wa mradi.

Kuna njia ya mkato ambayo lazima niitaje: vyuo vya mtandaoni vinavyouza uzamivu kwa miezi michache, pamoja na vyeti vya heshima vinavyogawiwa hotelini. Mtu aliyekataliwa mara nyingi ndiye windo lao. Kabla ya kulipa shilingi moja, aulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama ni Tanzania, au tume ya Kenya, kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa.

Bawabu wa nne ndiye anayeniumiza moyo. Tuchukulie binti amefika. Ana uzamivu, ana makala, amesimamiwa na mtu anayeheshimika. Anafungua tangazo la kazi ya uhadhiri katika chuo cha umma Tanzania na kukuta sharti: GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika umahiri, mara nyingi hata kwa mwenye uzamivu. Ile 2.4 ya mwaka wa kwanza, ya msichana wa miaka ishirini asiye na mkopo, inamsubiri mlangoni miaka kumi na mitano baadaye.

Sharti hilo lina hoja yake, na hoja hiyo nimeipima. Namba ni ngumu kuhongwa. Bila kizingiti, mtoto wa mkubwa mwenye ufaulu wa kawaida angeingizwa kwa kimemo, na vyuo vyetu vimepambana sana na vimemo. Kizingiti cha 3.8 kwa mkufunzi msaidizi, ambaye hana kingine cha kuonyesha zaidi ya shahada ya kwanza, ninakielewa na kukitetea. Kumdai hicho hicho mwenye tasnifu na machapisho ni kukataa kuusoma ushahidi ulio mkononi na kwenda kuusaka wa zamani ulio dhaifu zaidi. Kenya mwaka 2014 tume yake iliagiza wahadhiri wote wawe na uzamivu kufikia 2018, na muda ulipofika wengi walikuwa bado. Kanda yenye upungufu wa namna hiyo haiwezi kumudu kuwafungia nje madaktari wake kwa sababu ya mtihani wa muhula wa kwanza. Hata mradi wa elimu ya juu wa Tanzania, HEET, wa dola milioni 425, ulioanza 2021 na kupeleka walimu wa vyuo kusoma, unamfaa aliyekwisha kuajiriwa, yaani aliyempita bawabu wa nne kabla ya wengine. Ningependa kanuni iseme hivi: mwenye uzamivu apimwe kwa uzamivu.

Mpaka itakaposema hivyo, mwombaji ajue mapema. Kama lengo lake ni kufundisha chuo cha umma nyumbani, asome matangazo ya kazi kabla ya kuomba uzamivu, si baada. Kama lengo ni taasisi za utafiti, mashirika, sera, au vyuo vya nje, mlango huo hautamhusu sana.

Nimesema mengi juu ya binti na nimemwacha kijana. Kesi yake ni ngumu zaidi, kwa sababu mwelekeo wa alama zake unamshuhudia vibaya, na hakuna aya ya maelezo itakayougeuza. Kabla ya kuandika kwa msimamizi yeyote, inabidi ajue moto ulipopoa, ulipoa kwa nini. Huenda alisoma fani aliyochaguliwa na alama za kidato cha sita badala ya moyo wake. Huenda alichoka na madarasa lakini hajawahi kuonja utafiti. Ningemwambia aombe kazi ya kukusanya takwimu, ya mkataba wa miezi sita, popote pale, hata vijijini ambako mtandao unakatika. Jioni, akisharudi kambini na dodoso zake, aangalie kama anazifungua tena kwa hiari yake ili aone zinasema nini, au anasubiri tu tarehe ya malipo. Akizifungua, aanze kutafuta chuo cha umahiri chenye tasnifu, na mimi nitamsaidia kuandika barua.